Pengo la Saa Kumi na Mbili

"Sentimita tatu!" alisema Msomaji, akiinyanyua barua. "Hata kama nilikosea, nilikosea kwa sentimita tatu. Ndiyo ukanichongea kwa mkuu wa kitengo?"

"Sikukuchongea."

"Hii ni nini, basi? Kadi ya mwaliko?"

"Ni barua ya onyo. Najua ni nini, niliigonga muhuri mwenyewe."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Karani alijua ameharibu hata kabla hajamaliza kusema. Uso wa yule mwanaume, ambao tangu walipoanza ulikuwa umewaka hasira, ulizimika ghafla, ukabaki kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

"Uliigonga muhuri," alirudia polepole.

"Kila barua inayotoka idarani kwetu inapita mezani kwangu. Ulitaka agonge nani? Mfagizi?"

"Nilitaka isiandikwe."

Walikuwa wamesimama kwenye ngazi za mawe zinazoshuka ziwani. Ngazi hizo zilikuwa kuukuu, zimelika katikati kwa nyayo za watu ambao hata makaburi yao hayajulikani yalipo. Kwenye kidato cha mwisho, nusu ndani ya maji na nusu nje, ulisimama ubao mrefu mweupe wenye alama nyeusi. Hicho ndicho kipimo cha kina. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Msomaji alishuka hapo, akasoma maji yamefika alama gani, akaandika daftarini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Kabla yake alisoma baba yake, miaka ishirini. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Msomaji, na wengine walikuwa wamesahau kabisa kwamba ana jina.

Naye Karani alikuwa mtu wa upande wa pili wa daftari hilo. Alifanya kazi makao makuu ya idara ya maji, mwendo wa saa tano kwa basi, na kwa miaka minane nakala za Msomaji zilimfikia kila mwisho wa mwezi ili aziingize kwenye kompyuta. Wasomaji wengine waliandika namba tu. Huyu aliandika namba, kisha kwenye safu ya maoni, ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuisoma, aliongeza maneno mawili matatu. *Maji tulivu. Ndege wawili, jana walikuwa watatu. Ukungu, nimesoma kwa kupapasa.* Karani alianza kuzisoma safu hizo kwanza, namba baadaye. Siku moja akapiga simu kuuliza yule ndege wa tatu alikwenda wapi. Mambo yalianzia hapo.

"Nimekupigia siku tisa," alisema sasa. "Siku tisa, Msomaji. Nimepanda basi saa nne asubuhi, nimekaa karibu na mtu anayekoroma hadi huku. Si ningeandika barua kama ningekuwa sijali?"

"Barua si umeshaandika." Akainyanyua tena. "Imefika. Imesomeka."

Kutoka kwenye kibanda cha kukodisha mashua, hatua ishirini tu kutoka pale, mzee mwenye mashua alikohoa. Alikuwa amekaa na kasia magotini, anapaka rangi mahali palepale tangu ugomvi uanze.

"Shemeji zangu," aliita, "mimi nasikia tu, sisikilizi. Msiogope."

"Mzee, fanya kazi yako!" alijibu Msomaji bila kugeuka.

"Kazi gani, na wateja mmewafukuza?"

Hakukuwa na mteja yeyote wa kufukuzwa. Ziwa lote lilikuwa tupu. Mashua za injini zilikatazwa hapo, kwa hiyo maji yalilala kimya kutoka ngazini hadi ng'ambo, na ndani yake ulionekana mnara wa kengele, ukuta wa kale uliouzunguka mji, na vilima vya nyuma, vyote vimepinduliwa, vyote vimetulia. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kuona utulivu huo. Walipiga picha, wakasema pazuri jamani, wakaondoka. Msomaji ndiye aliyebaki nao.

"Nikwambie kitu?" alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Siku ile kule ukutani nilikuuliza swali."

Karani alikuwa analikumbuka neno kwa neno.

"Nilikuuliza kama ungeweza kuishi hapa. Na mimi. Ukasema nikupe wiki mbili. Nikasema sawa, mtu mwenye mama nyumbani hawezi kujibu papo hapo, nikangoja. Wiki mbili zikaisha, ikaja bahasha ya makao makuu. Unajua nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, nikaoga, nikavaa shati safi. Nikaifungua nimekaa mezani, na shati langu safi."

"Sikujua," Karani alinong'ona.

"Ndani mna nini? Mstari mwekundu. *Haikusomwa.* Mwandiko wako. Nikasema haya, hilo ndilo jibu, na muhuri juu."

"Hilo halikuwa jibu! Hiyo ilikuwa kazi!"

"Wewe unavitenganishaje? Nifundishe, maana mimi siwezi."

Karani alikaa kwenye kidato, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na kwa sababu alitaka kufikiri. Siku ile ya Jumamosi, wiki tano zilizopita, walikuwa wamelizunguka ziwa kwa miguu. Kamba ya ndala yake ilikatika nusu ya njia. Msomaji aliishika ile ndala mkononi kama mtu aliyebeba kuku, akampa bega, wakapanda hadi kwenye ukuta wa kale, wakakaa. Waliongea. Jua likashuka. Kengele ya mnara ililia, wakaisikia wote wawili kama unavyosikia redio ya jirani. Ilipofika saa moja na robo ndipo Msomaji alipoinuka ghafla, akashika kichwa. Karani alidhani amekumbuka kwamba hakuzima jiko.

Mwisho wa mwezi nakala ilipofika, aliikuta siku hiyo imejazwa. *Saa kumi na mbili jioni. Mita 2.41. Maji tulivu.* Asubuhi iliyofuata ilisomeka 2.44.

"Ngoja nami nikuulize," alisema. "Miaka mingapi ya madaftari unayo?"

"Thelathini na mmoja, ukijumlisha ya baba. Na hakuna pengo hata moja. Hakukuwa na pengo hata siku tuliyomzika mama, baba alisoma na suti yake. Hadi ulipokuja wewe na kalamu yako."

"Katika jioni zote hizo, ni jioni ngapi ulikuwa na mtu?"

Msomaji aligeukia ubao.

"Moja," alisema Karani. "Moja tu. Saa hiyo nilikuwa na wewe, nimekuegemea, na ndala yangu iko mapajani mwako. Na ulipofika kwenye daftari ukaandika 2.41, maji tulivu. Kana kwamba ulikuwa hapa peke yako kama siku zote. Kana kwamba sikuwepo. Wewe unalia nimekuwekea pengo. Mimi hilo pengo ndipo nilipokuwa, Msomaji. Ulinifuta kwa namba."

"Ulitaka niandike nini? Nimeshika ndala ya karani?"

"Ningefurahi."

Mzee wa mashua aliacha kupaka rangi.

Msomaji alikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni. Alimtazama, kisha akayatazama maji, na Karani aliona jinsi alivyozoea kuyatazama maji kuliko kumtazama mtu.

"Ungenipigia simu," alisema mwisho. "Kabla ya kalamu. Ungenipigia ukasema, wewe, hii si kweli, irekebishe. Ningerekebisha. Aibu ningeipata kwako peke yako."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na Karani alilijua.

"Basi la kurudi ni saa kumi na mbili," alisema Msomaji. "Unajua sitaweza kukusindikiza."

"Najua. Una kazi."

Msomaji alipanda ngazi, akaipita mashua na mzee wake, akaishika baiskeli yake, akaenda. Hakugeuka nyuma.

*

Saa mbili na nusu za kungoja basi katika mji mzuri ni ndefu kuliko kwenye mji mbaya. Katika mji mbaya unakasirika na mashimo ya barabarani, muda unakwenda. Hapa kila kitu kilitaka kutazamwa. Karani alipita chini ya lango la mawe, akafuata kichochoro chenye maua madirishani, akasoma kibao kilichoeleza ukuta ulijengwa lini na ulibomolewa na nani, na alipofika mwisho hakuwa na wa kumwambia, umeona?

Aliingia mkahawani. Mhudumu alikuja na karatasi ya vyakula.

"Karibu, dada. Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Nikuwekee dirishani, ulione ziwa?"

"Niweke popote, isipokuwa dirishani."

Chai ilikuja, naye akaikoroga hadi ikapoa. Meza ya jirani walikaa mume na mke wa makamo, wanagombana kimyakimya kuhusu ramani. Mke alisema kushoto. Mume alisema mama watoto, hiyo ramani umeishika kichwa chini. Wakacheka wote wawili. Karani aliwaonea wivu. Wivu wa ramani! Alijicheka, akaikoroga tena ile chai.

Simu ililia. Alikuwa mama yake.

"Uko wapi?"

"Niko huku, mama."

"Huku wapi? Kwa mtu wa ubao?"

"Mama, ana jina."

"Mbona wewe mwenyewe hulitumii? Haya, mmepatana?"

"Hatujapatana. Narudi na basi la jioni."

Karani alisikia mama yake akivuta kiti, akikaa. Mama alikuwa muuguzi mstaafu, na hata kwenye simu aliongea kama anayepima mtu homa.

"Mimi sitakuficha," alisema. "Afadhali. Nilikwambia tangu mwanzo. Mwanaume gani asiyeweza kulala nje ya mji wake hata usiku mmoja? Harusi ya ndugu yako hakuja. Mimi nilipolazwa hakuja. Kila saa, ubao, ubao. Huyo hakuoi wewe, anatafuta wa kumshikia taa."

"Alipiga simu kila siku ulipolazwa."

"Simu haibebi ndoo."

"Mama." Karani alishusha sauti, maana mhudumu alikuwa anafuta meza ileile kwa mara ya tatu. "Baba alikuwa dereva wa safari ndefu. Alilala nje miaka ishirini. Ulikuwa unaniambia nikachungulie barabarani kama lori linakuja. Kila jioni. Nilichungulia hadi nikajua sauti za malori yote."

Simuni friji ya nyumbani ilinguruma, ile friji ambayo mama hutishia kuiuza kila mwezi.

"Hayo yametoka wapi sasa?" alisema mama.

"Hayajatoka popote. Nasema tu. Huyu ukitaka kujua yuko wapi saa kumi na mbili, huna haja ya kuchungulia."

"Hm." Kisha akauliza, "Na mimi nitakaa na nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema waziwazi. Mapingamizi yote ya miezi minane, ya ubao na ya harusi na ya ndoo, yalikuwa yamelificha swali hilo moja dogo, kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

"Sijui, mama," Karani alisema, na akasema kweli. "Lakini hukai peke yako. Hilo najua."

"Ngazi za huko ni nyingi?"

"Nyingi sana."

"Magoti yangu hayataki ngazi." Akakohoa. "Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Kula, ndiyo upande basi. Au usipande, mimi sijui, wewe ni mtu mzima." Akakata simu, kama kawaida yake, bila kwaheri.

*

Stendi ilikuwa juu ya mji, mahali ambapo barabara kubwa inagusa ukuta wa kale na kuondoka. Kondakta alikuwa anapakia mizigo. Karani alisimama kwenye mstari na tiketi mkononi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kasoro robo.

Alitazama barabara ya chini. Akajikuta anachungulia, vilevile alivyokuwa akichungulia lori, akajikasirikia. Alikuwa anamngoja nani? Mtu ambaye anajua hawezi kuja? Msomaji aliwahi kumweleza kwa nini mke wake wa zamani alichagua kuondoka na basi hili hili. "Alijua ndiyo saa pekee ambayo nisingemzuia," alisema. "Nilikuwa ngazini, nikalisikia likipiga honi. Nikaandika mita mbili na sentimita kumi." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake.

Na leo litapiga honi tena, Karani aliwaza. Naye atakuwa ngazini tena. Ataandika namba. Kwenye maoni ataandika maji tulivu. Mwisho wa mwezi nakala itakuja mezani kwangu, nami nitaingiza.

Aliwaza pia jambo ambalo hakumwambia. Mkuu wa kitengo alipomwuliza, "Wewe umejuaje kama hakusoma?" angeweza kudanganya. Alijibu, "Kwa sababu alikuwa na mimi." Ofisi nzima ilisikia. Hadi leo wenzake wakimwona na fomu wanaulizana kama maji ni tulivu. Alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na wawili akasema alikuwa na mimi, na mtu pekee aliyepaswa kuyasikia maneno hayo alipelekewa mstari mwekundu. Miaka minane walikuwa wamezungumza kwa fomu. Hata ugomvi wao alikuwa ameuanzisha kwa fomu.

"Dada, panda, unaziba njia," alisema kondakta.

"Siendi."

"Tiketi hairudishwi!"

"Baki nayo!"

Kulikuwa na njia mbili za kushuka ziwani. Barabara ilizunguka nje ya ukuta, rahisi kwa baiskeli. Ngazi zilikata katikati ya mji, wima, vidato mia moja na zaidi. Karani alishika ngazi. Alishuka mbio, mkoba unampiga kiunoni, na akina mama waliokuwa wakianua nguo walimpisha. "Umefukuzwa?" mmoja aliuliza. "Nimechelewa!" alijibu.

Alipofika chini, ngazi za mawe zilikuwa tupu.

Kisanduku cha bati kilichotundikwa ukutani kando ya ngazi kilikuwa wazi. Daftari lilikuwa ndani, limefunguliwa, kalamu juu yake. Tarehe ya leo ilikuwa imeandikwa. Namba haikuwepo.

"Mzee, yuko wapi?"

Mzee wa mashua alisimama, kasia bado mkononi.

"Shemeji, hata mimi sijui nimeona nini. Alikaa hapo kwa muda, akafungua daftari, akaandika tarehe. Halafu akaniambia, nikichelewa, pengo liwe pengo. Akapanda baiskeli, akashika barabara ya stendi." Alitikisa kichwa. "Miaka yote hii sijawahi kumwona akiipa saa hiyo mgongo."

Karani aligeuka. Juu kabisa, pale barabara inapouzunguka ukuta, kijitu kidogo kilikuwa kinasukuma baiskeli mlimani. Hakikuwa kimepanda tena, kilikuwa kinakimbia nayo. Karani alipunga mkono, akaita. Sauti yake ilitua juu ya maji, ikafia hapo hapo.

Kengele ya mnara ikaanza kulia.

Alivua ndala, pamoja na ile ambayo Msomaji aliifunga kamba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akazipanga pembeni. Alishuka hadi maji yakamfika magotini, yakiwa baridi ya kuuma. Kiwimbi alichokitia mwenyewe kilipanda na kushuka kwenye ubao. Hakukimbilia. Msomaji alikuwa amemfundisha: usisome juu, usisome chini, subiri maji yakusahau, ndipo usome. Akasimama hapo peke yake, hatikisiki, ziwa lote mbele yake bila mtu, na kwa mara ya kwanza akajua kazi hii ilivyo. Si ngumu. Ni upweke tu, mara mbili kwa siku, miaka thelathini na mmoja.

Maji yakamsahau. Akasoma.

Juu ya mji basi likapiga honi, likaondoka.

Alipanda kwenye kisanduku, miguu inadondosha maji, akashika kalamu. Kwenye safu ya namba akaandika *2.38*. Kwenye safu ya aliyesoma akaandika *Karani, makao makuu*. Alipofika kwenye safu ya maoni mkono wake ulisita kidogo tu. Chini ya ukurasa ule kulikuwa na karatasi nyeusi ya kaboni, na chini ya kaboni nakala, ambayo mwisho wa mwezi ingepelekwa ofisini na kusomwa na mkuu wa kitengo na kila mwenye macho.

*Msomaji hakuwepo,* aliandika. *Alikwenda stendi kunitafuta. Jibu ni ndiyo.*

Akalikandamiza neno la mwisho kwa nguvu zake zote, ili lipenye hadi kwenye nakala, kisha akakaa kwenye kidato cha mawe kumngoja.